Kwenye laptopu picha zinang'aa, zikisafishwa zinatoka na giza: ninunue monita gani?

"Habari za kazi, mwalimu. Napiga picha za harusi na za pasipoti, huu mwaka wa tatu, na nahariri kwa laptopu niliyoinunua ya mtumba. Kwenye laptopu picha zinapendeza. Nikizipeleka kusafishwa zinarudi na giza, na nyuso zinakuwa nyekundu kama za watu waliochomwa na jua. Bibi harusi mmoja ameikataa albamu yake. Nimeamua kununua monita. Muuzaji ananishawishi nichukue ya inchi 32 iliyopinda, ya 4K na HDR, anasema ndiyo ya kisasa. Mpiga picha mwenzangu naye anasema bila Adobe RGB nisijisumbue. Hela niliyonayo haifiki hata nusu ya hizo wanazozitaja. Je, ipo ya bei ya chini itakayonifaa, au niendelee kudunduliza?"

Pole kwa albamu, ndugu yangu. Monita ya kukufaa ipo, na huna haja ya kudunduliza zaidi. Ila nitakuwa si mkweli nikikuambia kwamba kifaa kipya peke yake kitamaliza shida. Ukikinunua leo, ukachomeka na kuanza kazi, upo uwezekano mkubwa picha zitaendelea kurudi na giza vilevile. Kinachokusumbua ni kwamba unachokiona wewe sicho kilichomo kwenye faili, na hilo lina sababu zaidi ya moja.

Nianze na giza. Kioo cha kompyuta kina taa yake nyuma. Karatasi haina taa, inakopa mwanga wa chumba ilimo. Monita nyingi hutoka kiwandani mwangaza ukiwa umepandishwa juu, niti (kipimo cha mwangaza) 250 hadi 350, kwa sababu zikipangwa dukani ile inayowaka kuliko wenzake ndiyo inayovuta macho. Kazi inayokwenda kwenye karatasi inataka niti 80 hadi 120 hivi. Sasa chukua shavu la bibi harusi wako. Kwenye kioo kinachowaka kwa nguvu zote, shavu lenye thamani ya 130 kati ya 255 (kwenye faili 0 ni nyeusi, 255 ni nyeupe) litaonekana lina mwanga tele, nawe utaliacha hapo ukiridhika. Mashine ya kusafishia haikioni kioo chako. Inasoma 130, na 130 kwenye karatasi ni shavu lililokaa kivulini. Wewe ulikuwa unaona mwanga wa taa ukidhani ni mwanga wa picha.

Laptopu za bei ya chini zinaongeza tatizo lingine juu ya hilo. Nyingi zina paneli (kioo chenyewe kinachoonyesha picha) ya aina ya TN, ambayo hubadilika kufuatana na pembe unayoitazama. Jaribu sasa hivi: fungua picha ya bwana harusi aliyevaa koti jeusi, kisha inamisha kioo cha laptopu nyuma taratibu na ukirudishe mbele. Ukiona mikunjo ya koti inajitokeza halafu inamezwa na weusi, jua kwamba kila siku ulipokaa kitako tofauti kidogo ulikuwa unahariri picha tofauti. Mtu aliyeketi wima na aliyejilaza kitini hawaoni koti moja.

Wekundu nao una chanzo chake. Paneli nyingi za namna hiyo huonyesha karibu theluthi mbili tu ya rangi za sRGB, kipimo cha rangi ambacho HP na Microsoft walikitunga mwaka 1996 na ambacho hadi leo ndicho lugha ya kawaida ya picha za kidijitali. Nyekundu kali kabisa ya paneli kama hiyo inaishia kwenye rangi ya tofali. Ngozi inaonekana imepoa, imekosa damu, nawe unasogeza kitelezi cha rangi mpaka uso uonekane hai. Hapo umeongeza wekundu kufidia udhaifu wa kioo. Karatasi haina udhaifu huo, inaupokea wekundu wote uliouongeza. Ndiyo maana nyuso zinatoka kama zimeungua.

Kabla hujaenda dukani, lipo jambo moja lisilo na gharama. Waulize wanaokusafishia kama mashine yao inarekebisha picha yenyewe kabla ya kuchapa. Nyingi zina marekebisho ya kujiendesha, yaliyowekwa kwa ajili ya picha zisizohaririwa. Omba yazimwe kwa picha zako. Usipofanya hivyo utakuwa unapigana na adui wawili huku umemwona mmoja.

Tuje kwa muuzaji. Sisemi anakudanganya, anauza anachojua kinauzika. HDR, yaani uwezo wa kuonyesha mwanga mkali na giza zito kwa pamoja, kwenye monita za bei ya kawaida mara nyingi ni ile yenye alama ya DisplayHDR 400, na alama hiyo inadai kioo kiweze kufika niti 400. Nimekwambia utafanya kazi kwenye 100. Unalipia mwendo ambao hutauendesha. Kupinda nako ni kwa ajili ya michezo na filamu: ukitaka kunyoosha mstari wa upeo wa macho au ukuta wa kanisa, kioo kilichopinda kitakubishia. Isitoshe, monita nyingi zilizopinda ni za paneli ya VA. VA ina weusi mzuri sana, kontrasti yake (tofauti kati ya weupe na weusi) hufika 3000 kwa 1 na zaidi, lakini sehemu za giza hubadilika kidogo kichwa kikisogea, na sehemu za giza ndizo zinazokuletea kesi. Hertzi 144 na milisekunde 1, namba za kasi ya kioo, wala usizisome. Picha yako haikimbii.

Kuhusu 4K, yaani pikseli 3840 kwa 2160, nasita kidogo, maana si kitu kibaya. Kwenye inchi 27 inakupa pikseli 163 kwa kila inchi, na herufi zinakaa kama zimechapwa. Lakini pikseli zikiwa ndogo hivyo, ukivuta picha kwa asilimia 100 ili kukagua ukali wake, makosa hayaonekani vizuri, na wengi huishia kunoa picha kupita kiasi. Pia inaipa kompyuta ya zamani mzigo. Hela ikiwepo, sawa. Kwa bajeti finyu mimi ningeipeleka kwingine, na nitakwambia wapi.

Rafiki yako ana hoja, ila ni hoja ya kazi nyingine. Adobe RGB, kipimo kingine cha rangi, cha mwaka 1998, inaipita sRGB hasa kwenye kijani na buluu ya kijani, rangi zinazowahusu wanaopiga majani, bahari na bidhaa, kisha wanachapa kwa printa za wino za daraja la juu. Rangi za ngozi za binadamu, kuanzia nyeusi tii hadi nyeupe, zinaenea ndani ya sRGB bila kubanwa. Wateja wako wanatazama picha kwenye simu, na mashine za kusafishia kwa kawaida zinangoja faili la sRGB. Ukiwapelekea faili la Adobe RGB na mashine isiisome profaili yake (maelezo ya rangi yanayoambatana na faili), picha itatoka imepauka, na utarudi kuniuliza swali jingine.

Hili nimelijua kwa kuumia. Monita yangu ya kwanza niliyoiita ya kitaalamu ilikuwa na rangi pana, nikaringa nayo. Programu niliyokuwa nikiitumia kupitia picha ilikuwa haisomi profaili za rangi, kwa hiyo kila kitu kilionekana kimekolea mno. Nikawa nashusha rangi, picha baada ya picha, harusi nzima. Mteja alipozifungua kwenye simu yake aliniuliza kwa upole kwa nini watu wote wamepakwa majivu. Kosa lako liligeuzwa upande wa pili. Ukiangukia monita yenye rangi pana kwa bei nzuri, hakikisha ndani ya menyu yake kuna hali ya sRGB, na kwamba hali hiyo ikiwashwa bado inakuruhusu kupunguza mwangaza. Baadhi hufunga kitufe cha mwangaza pindi ukiiwasha, na hapo haikusaidii.

Basi ununue nini? Tafuta monita bapa ya paneli ya IPS, inchi 24, yenye pikseli 1920 kwa 1080, au 1920 kwa 1200 ukiibahatisha, maana urefu ule wa ziada unapokea menyu za programu bila kuibana picha. Iwe inafunika angalau asilimia 95 ya sRGB. Ukiweza kupanda hadi inchi 27, panda na pikseli pia, ziwe 2560 kwa 1440. Inchi 27 yenye 1920 kwa 1080 ina pikseli 82 tu kwa inchi, utaziona nukta zenyewe. IPS nimeichagua kwa sababu moja: ukisogea, rangi haisogei. Weusi wake ni hafifu kuliko wa VA, kontrasti yake kwa kawaida ni 1000 kwa 1, na ukizima taa zote utaona pembe za kioo zinang'aa kama moshi. Ni kasoro ya kweli. Dawa yake ni kutofanya kazi gizani.

Lebo zinahitaji kusomwa kwa jicho la pembeni. Ukiona "NTSC 72%" usiikimbie ukidhani imepungukiwa; NTSC ni kipimo cha zamani cha televisheni, na asilimia 72 yake inakaribiana kwa ukubwa na sRGB nzima. "NTSC 45%" ndiyo laptopu yako hiyo, iache. Ukikuta rangi milioni 16.2 badala ya milioni 16.7, hiyo ni paneli ya biti 6 inayoigiza biti 8 kwa kupepesa vivuli. Biti 6 halisi ni vivuli 64 tu kwa kila rangi, biti 8 ni 256, na tofauti huonekana kwenye anga la jioni: badala ya kufifia polepole linakatika ngazi ngazi. Kontrasti iliyoandikwa kwa mamilioni ni taa ya nyuma inayopanda na kushuka yenyewe. Ukishainunua monita, kipengele hicho kizime siku hiyohiyo, pamoja na kile cha kupunguza buluu usiku.

Ukiona mtengenezaji ameweka karatasi ya vipimo inayosema delta E chini ya 2, ni dalili njema. Delta E ni umbali kati ya rangi iliyotakiwa na iliyotoka. Kwenye 1 jicho zuri huanza kuhisi tofauti, kwenye 2 bado ni ndogo. Ila vipimo hivyo vilichukuliwa kiwandani, na taa huzeeka.

Nenda dukani na flashi yenye mafaili yako matatu. La kwanza, mteremko wa kijivu kutoka nyeusi hadi nyeupe, utautengeneza mwenyewe kwa dakika moja. Utazame polepole: usiwe na mistari, na kijivu kisichungulie waridi au kijani katikati ya safari. La pili, jeusi tupu, kwa ajili ya pembe zinazovuja mwanga na pikseli zilizokufa. La tatu, picha ya shela nyeupe unayoijua vizuri, ile ambayo mishono yake ina thamani za 245 hadi 252. Kama mishono imeungana ikawa shuka moja nyeupe, ama mwangaza na kontrasti vimepotoshwa kwenye menyu, ama paneli haiwezi. Omba virudishwe kwenye mipangilio ya kiwandani, utazame tena. Muuzaji anayekataa flashi yako amekuokolea muda.

Mtumba? Monita za kitaalamu zilizotumika, kama EIZO au NEC, wakati mwingine huuzwa kwa bei ya monita mpya ya kawaida, na zilizotunzwa vizuri zinaishinda. Nyingi zina idadi ya saa za kazi ndani ya menyu. Mimi zikizidi 20,000 naaga, hata ikiwa inapendeza, kwa sababu taa iliyochoka hupoteza nguvu na huelekea umanjano, na pembe moja huweza kuchoka kabla ya nyingine. Jaza kioo kizima kijivu, rudi nyuma hatua mbili, ukague kama upande mmoja ni mchafu. Huna dhamana, kwa hiyo bahati nasibu hiyo ichezwe na mwenye hela ya kupoteza kidogo.

Sasa ile hela niliyokuzuia kuipeleka kwenye 4K. Ipeleke kwenye kipima rangi. Monita isiyopimwa ni mizani ambayo hujui kama imesawazishwa. Inaweza kuwa nzuri sana na bado ikakupunja. Kipima rangi ni kifaa kidogo cha kukaa kiganjani. Kinaning'inizwa juu ya kioo, programu inaonyesha viraka vya rangi kimoja baada ya kingine, kifaa kinasoma kilichotoka, na tofauti inaandikwa kwenye profaili ambayo programu za kuhariri huisoma. Washa monita nusu saa kabla, ipate joto lake. Lenga nyeupe ya kelvini 6500 (kama mwanga wa mchana), gama 2.2 (jinsi vivuli vya kati vinavyopanda kutoka nyeusi hadi nyeupe), na niti 100 hadi 120. Rudia kila baada ya mwezi au miwili. Programu ya bure ya DisplayCAL inafanya kazi na vipima vingi.

Si lazima kiwe chako peke yako. Kipima kinatumika dakika 20 kwa mwezi, siku nyingine zote kinalala kwenye droo. Wapiga picha watano wanaoaminiana wanaweza kuchangia kimoja, na huo ndio ununuzi wenye faida kuliko wote kwenye biashara hii. Wasichoweza kuchangia ni profaili. Watu hupakua mtandaoni profaili ya monita ya jina na modeli ileile wakadhani wamemaliza. Monita mbili zilizotoka kiwanda kimoja siku moja hazifanani, na kwenye bei zetu hizi hazifanani zaidi.

Mpaka kipima kipatikane, fanya hivi. Fungua ukurasa mweupe mtupu kwenye monita. Shika karatasi nyeupe kando ya kioo, mchana, chumba kikiwa na mwanga wa kutosha usiopiga kioo moja kwa moja. Shusha mwangaza mpaka nyeupe ya kioo ikae sawa na ya karatasi. Mara nyingi utajikuta chini ya nusu, na dakika kumi za kwanza utaona kama umeme umepungua. Vumilia, macho yatazoea. Njia hii hairekebishi rangi, lakini giza lako la karatasini litapungua sana kwa njia hii tu.

Kama umeunganisha kwa HDMI na weusi unaonekana kijivu cha vumbi, angalia mipangilio ya kadi ya picha. Baadhi ya kompyuta hudhani monita ni televisheni na kutuma thamani za 16 hadi 235 badala ya 0 hadi 255. Nimeona watu wakirudisha monita nzima dukani kwa kosa hilo. Chumba nacho usikipuuze: ukuta wa kijani nyuma yako, balbu ya manjano usoni mwa kioo, hata shati jekundu ulilovaa, vyote vinarudi machoni pako. Shati langu la kuhariria ni la kijivu, na limenifanya nichekwe.

Kuna mahali ambapo maandishi hayatoshi. Ukishapima monita na bado karatasi inatofautiana nayo, chukua faili lilelile moja, lisafishwe sehemu mbili, kisha keti na fundi wa mashine, mtazame pamoja chini ya taa moja; mwombe profaili ya mashine na karatasi yake kama anayo. Pembe ya monita mpya ikianza kufifia, mwone fundi kabla dhamana haijaisha, usingoje izoeleke. Na kama watu zaidi ya mmoja wanakwambia picha zako zina ukijani au wekundu ambao wewe, kwenye kioo kilichopimwa, huuoni kabisa, nenda kwa daktari wa macho uombe kipimo cha kutambua rangi. Wanaume hupata kasoro hiyo zaidi kuliko wanawake, na wengi huishi nayo bila kujua. Kile cha vidoto vyenye namba ndani, alichokitoa Ishihara mwaka 1917, huchukua dakika chache. Wapo wahariri wazuri wenye kasoro hiyo; wanasoma thamani za ngozi kwa namba badala ya kuliamini jicho.

Albamu ya yule bibi harusi usiisafishe upya yote kwa pamoja. Ukishashusha mwangaza, rudi kwenye mafaili yako ya mwanzo, siyo yale uliyokwisha kuyakoleza, uchague picha tatu: ya shela nyeupe mchana, ya koti jeusi ndani ya ukumbi, na ya uso wake kwa karibu. Zisafishwe kwa ukubwa mdogo, kwenye karatasi ileile ya albamu, marekebisho ya mashine yakiwa yamezimwa. Zilete nyumbani, uziweke kando ya kioo. Zikikubaliana, tuma zilizobaki. Zisipokubaliana, utakuwa umepoteza karatasi tatu, na utajua ni ipi kati ya hizo tatu iliyokosea na kwa upande gani.